Namba Saba Haikuwa Yake

Bariadi, Wilaya ya Maswa,
Jimbo la Ziwa

Dada yangu Nakijwa,

Kabla hujaketi kusoma, naomba uende kwanza ukamtazame mama, kisha urudi. Ukishamwona kwa macho yako leo hii, basi shikamoo yangu imekufika wewe na yeye pia. Mimi mwili mzima. Homa ya mwezi uliopita imeniacha, chakula kinapita, na vumbi la huku nimeshalizoea. Shemeji hajambo? Kile kifua cha mtoto wako wa mwisho kimepona? Nijibu yote, tafadhali, usiniandikie "sote wazima" ukaishia hapo kama ulivyofanya mara ile.

Barua yako nimeipata. Na ile ya kabla yake niliipata pia, ile uliyonieleza kwamba hospitali ya huko chini wamekataa kumpasua mama rovu lake, ule uvimbe wa shingoni, nawe ukaniambia, "Wewe ni mtu wa hospitali, sema neno." Ulijua kwamba anayeandika majina ya wagonjwa wa kupasuliwa kule ni rafiki yangu niliyesoma naye kazi hii ya udresa, ya kumsaidia daktari. Dada, neno nililisema. Nilimwandikia, nikamkumbusha tulivyokula sahani moja miaka miwili. Sasa naona amekubali. Mama amepewa karatasi, na mwisho wa mwezi mtateremka naye. Umenishukuru mpaka nikaona haya. Basi nakuandikia kukuambia hivi: usimpeleke.

Usiitupe barua. Soma kwanza.

Kazi yangu hapa unaijua nusu tu. Zahanati yetu iko porini, mwendo wa nusu siku kutoka Bariadi mjini. Kila baada ya miezi miwili anakuja daktari, Mzungu mmoja mwembamba asiyependa maneno, anakaa siku tatu. Anapasua ngiri, mabusha, na macho yale ambayo kope zimegeukia ndani zikawa zinakwaruza. Hawezi kuwapasua wote wanaokuja, na wanakuja wengi, wengine wanatoka Bukundi kwa miguu na michembe yao ya viazi vikavu mfukoni. Kwa hiyo wiki moja kabla hajafika, mimi ndiye ninayechagua.

Nachagua hivi. Namvuta mtu kope ya chini nione kama ndani kuna damu au kumepauka. Namtuma atembee haraka mpaka kisimani na kurudi, nasikiliza anavyohema. Namkandamiza muundi kwa kidole gumba, na kidole kikiacha shimo, huyo simchukui. Anayefaa nampa kipande cha kadibodi chenye namba, nimekitia uzi, anakivaa shingoni. Majina ya Kisukuma yanamshinda daktari, ndiyo maana anaita namba.

Hapo ndipo watu wanaponichukia. Mahututi anarudishwa nyumbani, mwenye nafuu anabaki. "Hivi wewe dresa una macho kweli?" mama mmoja aliniuliza mbele ya watu wote. "Huyu anacheka na kula, unampa namba. Mimi nakufa, unaniambia nenda!" Nitamweleza nini akaelewa? Sisi hatumchagui anayeumwa zaidi, dada. Tunamchagua atakayeamka.

Safari hii walikuja ndugu wawili wa tumbo moja, wakulima wa pamba. Mkubwa anaitwa Masanja, mdogo wake Luhende. Wote wawili wana ngiri. Ya Luhende ni kama yai la kuku. Ya Masanja ilikuwa imeshuka inakaribia goti, ameifunga kwa kaniki, na alitembea ametanua miguu. Mzee mwenye maneno matamu huyo! "Mwangaluka, baba dresa," akaniamkia mimi ambaye ningeweza kuwa mwanawe, halafu akanitania kwamba sisi Wapare hatujui ng'ombe, tunafuga mawe mlimani. Nilicheka sana. Nilimpenda palepale. Kisha nikamkandamiza muundi, kidole kikazama. Nilipomtuma kisimani hakufika hata nusu ya njia, akaketi chini avute pumzi.

Nilimwambia kwa upole mbele ya mdogo wake, "Baba, moyo wako umechoka. Ukipewa dawa ya usingizi hutaamka. Nitakupa dawa ya moyo unywe kila siku, na daktari akija tena mwezi wa tisa atakupima mwenyewe." Akasema sawa. Namba saba nikampa Luhende. Aliipokea kwa mikono miwili akiwa ameinamisha kichwa, hakusema asante wala hapana. Nikadhani ni furaha imemziba mdomo.

Miaka minne niko huku, dada, na bado sikumjua mtu aliyesimama mbele yangu. Kwa hawa watu mdogo hamtangulii mkubwa wake. Kuoa hatangulii, kunywa maji hatangulii, hata mlangoni anasubiri mkubwa apite. Siku ileile niliwakuta wanakula nje ya zahanati, na Luhende hakugusa ugali mpaka kaka yake alipomega. Niliwatazama hivihivi nikapita zangu.

Siku ya kupasua nilikuwa nje, nachemsha visu na mikasi juu ya jiko la mafuta ya taa. Ndani alikuwepo daktari na dresa mwingine aliyekuja naye, mgeni ambaye hajawahi kuwaona wagonjwa wangu. Wakaita namba saba. Akaingia mtu mwenye namba saba shingoni, na kweli ana ngiri kama kitabu changu cha wagonjwa kilivyosema. Wangejuaje? Daktari aliniamini. Alikuwa na kawaida ya kusema kwamba wagonjwa niliowachagua mimi hana haja ya kuwapima mara ya pili, nami nilikuwa najisifu kwa maneno hayo, nadhani hata kwako nimewahi kuyaandika. Wakamlaza, wakamfunika shuka, wakamwekea usoni kitambaa cha dawa ya usingizi.

Niliingia na sinia langu. Nikaona miguu imetokeza chini ya shuka, imevimba, ngozi inang'aa. Miguu ile niliikandamiza kwa kidole changu mwenyewe wiki moja nyuma. Nikajua ni nani aliyelala pale.

Sasa nitakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Nilinyamaza. Si kwa muda mrefu, labda muda wa mtu kuvuta pumzi mara nne. Nilifikiri, nikisema sasa, daktari ataona orodha yangu ni ya ovyo, tena mbele ya mgeni. Nikafikiri pia, labda ataamka, wapo wanaoamka. Ndipo nikasema, "Bwana, huyu siye." Daktari akakiondoa kile kitambaa mara moja. Mzee alikuwa ameshaacha kuhema. Tulimkandamiza kifua kwa zamu, daktari akamchoma sindano, tukaendelea mpaka jasho likawa linatudondoka juu yake. Masanja hakurudi.

Luhende alikuwa ameketi nje, ameegemea ukuta, shingoni hana kitu. Nilichuchumaa mbele yake nikamwambia. Alivua kofia yake akaiweka chini.

"Wewe ndiye uliyempa ile namba?" nikamuuliza.

"Ndiyo."

"Si nilisema mbele yako kwamba hataamka?"

"Ulisema, baba. Na mimi nilimkumbusha. Akasema wewe ni kijana, unaogopa bure. Ningepitaje mbele yake? Mimi nirudi nimepona, yeye abaki na ngiri yake. Ningekaa naye vipi kula?"

Nilitaka kumkasirikia, hasira ikakataa kuja, maana barua yangu kwa rafiki yangu ilikuwa imeshakwenda. Luhende alimpa kaka yake nafasi isiyo yake kwa mapenzi. Mimi nami nilikuwa nimempa mama. Tofauti yetu ni moja tu, yeye hakusomea kazi hii.

Walimchukua kwa mkokoteni wa ng'ombe, nikafuatana nao mpaka maziko. Hakuna aliyenitukana. Mke wa marehemu alinipa maji ya kunawa kama anavyopewa mgeni yeyote, na afadhali angenipiga. Luhende mpaka leo hajakubali kupasuliwa. Nimemfuata mara mbili, na mara zote ananikaribisha vizuri, ananipa kiti, tunazungumza habari za pamba, kisha nageuza njia. Daktari naye amebadilisha utaratibu. Sasa tunamuuliza kila mtu jina lake na la baba yake mlangoni, na tunampima upya. Ni jambo dogo, tungeweza kulifanya tangu mwanzo.

Haya, turudi kwa mama.

Nimeisoma barua yako ya kwanza mara nyingi sasa. Uliandika kwamba anakula vizuri lakini anakonda. Kwamba mikono inamtetemeka akimimina chai. Kwamba akipanda kutoka mfereji wa maji anahema, na moyo unaonekana unavyoruka chini ya kanga. Uliyaandika hayo kama sababu ya kufanya haraka. Dada, hizo ndizo sababu walizomkatalia! Rafiki yangu alimpima vizuri mara ile ya kwanza. Mara ya pili hakumpima mama, alinipima mimi, akaona sifai kukataliwa.

Kumkatalia kisu si kumwacha afe. Kwa rovu la namna yake kuna dawa ya kunywa, inachukua miezi, moyo unatulia kwanza na mwili unarudi. Ndipo wampime upya, na wakisema ndiyo, safari hiyo nitakuja mwenyewe kumshika mkono mpaka mlangoni. Mpeleke kwa ajili ya dawa hiyo, siku yoyote ile isiyokuwa siku ya kupasua. Rafiki yangu nimemwandikia leo alifute jina lake, na nimemwomba radhi. Ile karatasi irudishe mkononi mwa rafiki yangu wewe mwenyewe. Usimpe jirani, usimpe ndugu, hata akikulilia.

Naogopa posta. Barua hizi mbili nampa dereva wa lori la pamba anayekwenda Shinyanga asubuhi hii, zipande gari moshi huko. Nimehesabu siku kwa vidole, nikahesabu tena. Zikikawia, hii itakukuta mmeshateremka, na hilo silisemi zaidi.

Najua unachofikiri. Mimi ni mdogo wako. Ulinibeba mgongoni, uliacha shule ili mimi nisome, mpaka leo sijawahi kukuambia fanya hivi au acha hivi. Sina haki ya kukuamuru. Leo nakuamuru.

Msalimie shemeji, mwambie koti lake nimelipata na linanifaa asubuhi. Wasalimie wapwa zangu wote, hasa yule mkubwa anayesoma, aniandikie kwa mkono wake mwenyewe. Msalimie baba mdogo mhunzi, na bibi wa pale juu anayeuza maziwa, kama bado anaona na ananikumbuka. Mwalimu wangu wa zamani mpe mkono.

Mama atauliza ni nani aliyelifuta jina lake. Usimfiche, na usisingizie hospitali. Mwambie ni mwanawe wa mwisho. Atalia, atasema nimemnyima, atasema nimekaa ugenini mpaka roho imekuwa ngumu. Mwache aseme yote. Nataka nikija likizo nimkute mlangoni bado ananigombeza.

Ni mimi mdogo wako,
Zefania