Tano za Heshima

Mpendwa yaya Furaha, dada yangu,

Tangu uhamie Kanada nakupigia simu, nakuuliza uko aje, nawe kila mara jibu ni lile lile: "Niko muzuri, usijali." Sasa ofisi ya wakimbizi inataka kujua kama nitakufuata. Sijawajibu. Sijui nikusadiki kiasi gani, na kazi niliyoipata majuzi imezidi kunitia shaka.

Nawasaidia watafiti kutoka Mbarara. Wanalinganisha sisi wa kambi ya Nakivale na wenyeji wa Masha: watu gani wanathamini nini, nani anamwamini jirani zaidi. Mtu huchagua namba. Moja ni kidogo kabisa, tano ni sana. Cheka, yaya. Mimi uliyekuwa ukinifukuza jikoni kwa wingi wa maswali, leo nalipwa kuyauliza!

Bibi mmoja Mrundi alinipa tano ya kumwamini jirani, huku jembe lake amelifungia ndani kwa kufuli, jirani asilichukue. Alipoona nalitazama kufuli, akasema, "Andika tano, mwanangu. Umetembea na jua lote hili, nikupe mbili?" Shemasi wetu Mkongomani naye: "Andika tano, muko bageni betu." Kule Masha, mzee Mnyankore alinijazia kwanza kikombe cha maziwa. "Kunywa. Halafu weka tano, hakuna shida."

Nikakukumbuka siku ile pasta alipotutembelea na ugali ulikuwa wa mtu mmoja. "Siye tulishakulaka, pasta. Kula tu yote." Ukanifinya paja nisifungue mdomo, nami njaa ilitaka kuniliza. Alipoondoka tulicheka mpaka ukakaa chini. Kumbe ile nayo ilikuwa tano.

Msimamizi wangu alikuna kichwa kama mimi. Akasema tujaribu kuuliza hivi: ukisafiri, ufunguo unamwachia nani? Nikarudi kwa yule bibi, akanionyesha kwa kidole nyumba ya jirani yule yule!

"Jembe atachukua," akasema, "lakini nyumba yangu atailinda."

Mpaka leo najiuliza hapo ningeandika namba gani, na kama kuna watu mahali popote duniani wanaoenea kwenye namba.

Basi uko aje sikuulizi tena. Nakuuliza hivi: ukiugua huko, nani anakuletea uji? Nataka jina lake na nyumba anayokaa. Mimi hapa nina watu. Mama Neema wa mlango wa pili asiponiona asubuhi huja kugonga, na kumwacha kutaniuma. Lakini wewe ndiwe uliyenilea, na nina hamu nawe mno.

Ukinitajia mtu, nitabaki hapa na roho yangu itatulia. Kama hakuna, tafadhali usinifanyie heshima za mgeni. Sema hakuna, yaya, nami nitakuja.

Mimi,
mdogo wako