Simu Iliyofukiwa kwenye Unga

Tarehe 6 Januari

Mwanangu,

Salamu nyingi, na kabla hujasoma zaidi niambie kama unakula. Barua yako iliyopita ilizungumzia kazi ukurasa mzima na chakula mstari mmoja, nikajua tu. Mimi mzima, ila goti linanuna nikipanda ngazi. Chiriku mzima wa mwili. Wa mwili, nimesema.

Anayeniandikia ni yuleyule fundi simu wa kona, mwenye kibanda cha bati. Hati yake nzuri, domo lake refu. Nimemwapisha neno langu lisitoke nje.

Mwalimu mkuu aliniita. Kaniketisha ofisini, kanipa maji ya kunywa, nikasema moyoni hapa pana jambo. Kumbe ni kiti cha Chiriku. Kiko wazi tangu Septemba, na muhula ukifunguliwa tarehe kumi na mbili Mei, asipokuwepo atapewa mtoto mwingine. Nikamuuliza, "Mwalimu, wewe unajua kwa nini haji?" Akasema anajua. Darasa linapakana na ofisi, na simu ya ofisi inaita kutwa. Tukiwa tunaongea ikaita mara mbili. Hata mimi nilishtuka.

Sikufichi, hofu yake imezidi. Unajua ilivyoanza. Alipokea simu yangu, na yule msimamizi wa ujenzi akamwambia yeye, mtoto wa miaka kumi na miwili, kwamba baba yake ameanguka kutoka ghorofani na hatarudi. Mwanzo aliogopa simu yangu tu. Nikaizima, nikaifukia kwenye ndoo ya unga, nikamwapia kuwa sitashika simu yoyote mpaka aniruhusu mwenyewe. Ndiyo maana mimi na wewe tunaandikiana barua kama watu wa kale, na huyu anayeandika amezungukwa na simu arobaini. Nilidhani nimemaliza. Kumbe hofu ina miguu. Ikaenda kwa simu ya jirani, nikamwomba jirani aifunge sauti. Ikaenda dukani, nikawa naenda mimi. Ikaenda shule, nikamwambia basi baki nyumbani. Sasa kengele ya baiskeli ikilia njiani anaziba masikio.

Kuna mshauri kwenye kliniki ya watoto, msichana mwembamba, viatu vya raba. Anasema dawa ya simu ni simu. Aisikie kidogo kidogo, tena na tena, mpaka mwili uchoke kuiogopa. Nikamwambia, "Mjukuu wangu kaungua, na wewe unataka nimrudishe jikoni?" Akanijibu, "Ndiyo bibi, lakini moto uwe mdogo, na auwashe yeye."

Sikupenda jibu lake, maana lilikuwa zuri. Nimekuja kukuuliza wewe. Wewe ndiye mama.

Mamako


Tarehe 24 Januari

Shikamoo Mama,

Nakula. Leo nimekula mara mbili, niamini. Goti lifunge kitambaa cha moto, na hizo ngazi usizipande na ndoo kichwani, nakujua.

Barua yako nimeisoma nimesimama, kwenye zamu. Kazi yangu hapa dobi kuu ni mashuka ya hospitali: yanatoka kwenye mashine, nayapitisha kwenye mtambo wa pasi, nayakunja, yanakuja mengine. Leo nimekunja vibaya mpaka mnyapara akaniuliza kama nimelala.

Mpeleke, Mama. Naogopa, lakini mpeleke. Nimefikiria mbele na nyuma. Miezi kumi na miwili tangu niondoke sijasikia sauti yake. Wenzangu hapa wakitoka zamu kila mmoja anaongea na wanawe, mmoja anamkaripia wake kwa ajili ya soksi. Nakaa pembeni nasikiliza soksi za watoto wa watu.

Na wewe unamkumbuka alivyokuwa, kutwa anaongea. Hatukumwita Chiriku kwa kumwonea.

Mwambie sijamlazimisha. Mwambie nitasubiri.

Mwanao


Tarehe 19 Februari

Mwanangu,

Hujambo wewe na mashuka yako? Sisi tunaamka, tunapumua. Goti limetulia, limenihurumia kwa sababu nina shughuli.

Sasa sikiliza maajabu. Chiriku amechora ngazi. Si ya mbao, ya karatasi, nyuma ya kalenda, ina vidato kumi, tumeibandika kwenye mlango wa kabati. Kaichora kwa picha ili na mimi niisome. Kidato cha chini ni kuitazama simu iliyozimwa. Cha juu kabisa ni kupokea simu bila kujua anayepiga ni nani. Kila siku anapanda anapoweza, na hofu yake anaitaja kwa namba: sifuri ni raha, kumi ni mwisho wa dunia.

Nikaifukua simu. Unga ukatoka kwenye kila tundu, fundi akasema hajawahi kutengeneza simu inayoweza kupikwa. Tukaiweka mezani, imezimwa, imekufa. Chiriku akasema, "Nane." Mshauri alikuwepo. Alinikataza kusema usiogope. Alinikataza kumshika mkono. Nikaanza kuimba taratibu, akanikataza hata kuimba! Nikamuuliza, "Sasa mimi hapa kazi yangu nini?" Akasema, "Kukaa, bibi."

Tukakaa. Mwanangu, sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile, na nimelima, nimezaa, nimezika. Baada ya dakika ishirini hivi mtoto akasema, "Tatu." Halafu akapiga mwayo. Alipiga mwayo mbele ya simu!

Tangu hapo ameishika, ameiwasha, amepita mbele ya kibanda cha fundi bila kuzunguka mtaa. Sasa yuko kidato cha sita: simu inaita kila siku saa kumi jioni, sauti yote, na yeye anakaa nayo mpaka namba ishuke. Siku ya kwanza ilikuwa mbaya. Tangu siku ya pili anapita kama maji. Mambo yanakwenda, usiulize sana.

Mamako


Tarehe 8 Machi

Shikamoo Mama!

Mimi mzima, nakula, nalala, nimemsimulia kila mtu habari ya mwayo. Mnyapara mwenyewe kacheka.

Yuko kidato cha ngapi sasa? Ngazi ikikwenda hivi, mwezi wa nne nitaweza kupiga? Usimwambie nimeuliza. Au mwambie. Sijui, fanya unavyoona. Nimeshafikiria neno la kwanza nitakalosema, nikalibadilisha mara kumi. Nisilie tu. Nikilia atadhani kuna msiba.

Niandikie upesi.

Mwanao


Tarehe 9 Aprili

Mama,

Shikamoo. Mwezi mzima sijapata neno. Unaumwa? Goti? Chiriku?

Zamani ulikuwa unaandika hata paka wa jirani akizaa. Nimekwenda kuuliza barua mara sita, yule wa dirishani sasa akiniona anatikisa kichwa kabla sijafika. Usiku siku hizi si wa kulala, ni wa kugeuka. Kama ni jambo baya liandike lilivyo. Usinipikie.

Mwanao


Tarehe 17 Aprili

Mwanangu,

Hakuna aliyekufa. Nimeanza na hilo. Salamu zitafuata.

Umesema nisikupikie, basi nakupa mbichi. Nimemharibia mtoto kwa mikono yangu hii.

Ile siku ya kwanza ya kidato cha sita, simu ilipoita kwa sauti yote, aligeuka rangi. Jasho, meno yanagongana, ananitazama mimi, hatazami simu. Mshauri alikuwa ameshaniambia: ngoja, itapanda, itashuka yenyewe, ukimwokoa unamwambia kwamba kweli kuna hatari. Nikangoja. Lakini kesho yake, kabla ya saa kumi, niliichukua simu nikaja hapa kibandani. Nikamwambia fundi, ikabe koo. Fundi akaifungua, akabandika kipande cha sponji juu ya spika, kwa ndani. Ikawa inaita kama nyuki aliyefungiwa chupani. Fundi anaandika haya kichwa chini. Na kiwe chini, lakini wa kulaumiwa ni mimi.

Kwa hiyo Chiriku akapita kidato cha sita, akapita cha saba, anarudi kuweka alama kwenye ngazi, anatembea kifua mbele. Nikasema, si unaona? Mapenzi nayo yanaponya.

Tarehe ishirini Machi tulikwenda kliniki. Mshauri akatumia simu yake mwenyewe. Ikaita, sauti ya kweli. Mtoto akasema, "Kumi," akatoka mbio. Tulimtafuta saa mbili nzima. Alikuwa nyuma ya matangi ya maji, amejikunja, viatu kavua sijui kwa nini.

Nyumbani akaichukua simu akaifungua. Ameshawahi kumtazama fundi kwa mbali, mtoto huyu ana macho. Hakupiga kelele. Wakati wa kula alikiweka kile kisponji kwenye sahani yangu. Akasema, "Bibi, sasa sijui ni vidato vipi nilivyovipanda mwenyewe."

Halafu akachana ngazi. Siku tisa hakunisemesha. Mwanangu, nilikuwa namwibia. Nilidhani namwibia hofu, kumbe namwibia ushindi wake.

Nilikwenda kwa mshauri peke yangu nitukanwe. Hakunitukana. Aliniuliza, "Bibi, simu ikiita, wewe ni namba ngapi?" Nikasema mimi sina hofu, mimi ni mtu mzima. Akanyamaza. Huyo binti ananyamaza kama anayelipwa kwa kunyamaza. Mwisho nikasema, tisa.

Maana kuna jambo sijakuambia. Siku ile nilikuwa uani naanika nguo. Simu ikaita ndani. Mikono yangu ilikuwa na sabuni. Ni mimi niliyepaza sauti: "Chiriku, pokea hiyo!" Kila ikiita najisikia mwenyewe.

Sasa unajua. Zimebaki siku ishirini na tano shule ifunguliwe. Nitukane ukipenda, ila niandikie.

Mamako


Tarehe 29 Aprili

Mama,

Shikamoo, ingawa nimeiandika nimekunja uso.

Nimekasirika. Nilikuandikia barua ya kwanza mbaya sana, nikaichana, na ya pili nikaichana. Niliamini mwayo ule, Mama. Nilikuwa natembea nao.

Halafu jana mashine ya kufulia ilimaliza mzunguko ikapiga king'ora chake. Inapiga mara mia kwa siku. Nikaona mabega yangu yamepanda mpaka masikioni. Mwenzangu akasema, "Wewe kila siku hivyo." Sikuwa najua.

Na mimi nina langu. Yule msimamizi hakupiga kwako kwanza. Alinipigia mimi, mara mbili. Niliiona namba, nikadhani ni mume wangu anatumia simu ya kazini kuendeleza ugomvi wetu wa asubuhi. Nikaikata. Ndipo akapiga nyumbani. Miezi yote hii nimelia kwamba nataka kusikia sauti ya mwanangu, na kweli nataka, lakini kila barua yako ilipofika bila ruhusa ya kupiga, kuna kipande cha moyo wangu kilichopumua.

Kwa hiyo sikutukani. Tumekuwa watu wawili tunaoshika sponji, mmoja huku, mmoja huko.

Mwambie Chiriku yote. Yako, na hili langu. Asibebe peke yake. Na mwambie mwayo ule ulikuwa wake, simu ilikuwa imezimwa na hakuna aliyemsaidia. Hicho kidato alikipanda mwenyewe.

Mwanao


Tarehe 27 Mei

Mwanangu,

Hujambo, na mabega yako hayajambo? Mimi mzima. Goti limerudi kulalamika, nimeliambia lipange foleni.

Nilimwomba fundi anisomee barua yako mbele ya Chiriku, hapahapa kibandani, simu zinaita pande zote. Fundi alitaka kuzizima. Chiriku akasema, "Ziache." Alisikiliza amekamata ukingo wa benchi. Fundi alipofika mahali ulipoikata simu, mtoto akasema, "Hata mama?" Nikasema hata mama, hata bibi. Halafu akaomba karatasi.

Sasa kabati lina ngazi mbili. Ya pili ni yangu. Kidato cha kwanza: bibi asiseme usiogope. Cha pili: bibi asijibu watu kwa niaba yangu. Kiko kimoja amenichora nimekalia mikono yangu kama kuku anayeatamia. Amenipa na namba zangu. Nimeanza na tisa, na siku hizi tukiiwasha simu saa kumi, sauti yote, bila sponji, tunataja wote wawili. Juzi yeye alisema nne, mimi nikasema sita, akaniambia, "Kaa tu, bibi, itashuka." Aibu iliyoje.

Shule alikwenda, tarehe ileile kumi na mbili. Siku ya kwanza alirudi saa nne. Ya pili saa sita. Ya tatu alimaliza. Wiki iliyofuata akarudi mbio saa tatu asubuhi, akajifungia, nikasimama nje ya mlango nimeuma ulimi mpaka ukauma kweli. Kesho yake akavaa sare akaenda. Mwalimu mkuu, kwa roho nzuri, alitaka kuihamisha simu ya ofisi. Nilimfuata nikamwambia, "Mwalimu, kaa na simu yako, iite!" Akanitazama kama nimechanganyikiwa. Kiti ni chake, lakini kila asubuhi ni vita, usidhani yamekwisha.

Kimebaki kidato cha juu. Jana jioni alinijia jikoni, hakuwa ananitazama, anachezea mfuniko wa sufuria. Akasema, "Bibi, mwambie mama anaweza kupiga. Asiseme siku. Na wewe usijue." Nikamuuliza hofu ngapi. Akasema, "Tisa. Lakini mwambie."

Namba ni ileile. Simu iko mezani, imejaa chaji, kisponji tumeshakisugulia sufuria kikaisha. Pengine mara ya kwanza hatapokea. Iache iite mpaka ikatike yenyewe, halafu siku nyingine piga tena. Na akipokea, ukitaka kulia, lia. Ameshajua kuwa kulia si msiba tu.

Barua hii usiijibu. Nikiona nyingine imeletwa nitairudisha haijafunguliwa.

Piga. Mimi nitakuwa palepale, mikono chini ya mapaja, mdomo nimeufunga, na wewe unanijua, unajua kazi hiyo ilivyo.

Mamako, niliyekaa