Kitabu cha Kigiriki Kiko Chini ya Godoro

Mama Trizah,

Nimetoka ukiwa bado mtoni. Naenda Muhuru Bay kuendesha ibada ya mazishi, nitarudi kesho. Trizah aanue dagaa wa omena kabla ya mvua. Maziwa yako kwenye kibuyu.

Kile kitabu cha Kigiriki ulichokitafuta asubuhi hadi ukamgombeza mtoto kiko chini ya godoro, upande wangu. Nilikificha mimi. Umwombe msamaha kwa niaba yangu.

Alfajiri Mzee Clifford alipobisha hodi na Biblia yake, nilidhani amenifuata mimi, mwinjilisti wake kwa miaka ishirini. Akaniambia, "Niitie mwalimu." Nikabaki mlangoni na kikombe changu, nikisikiliza ukimfafanulia Warumi, naye akiitikia kila neno. Juzijuzi tu ulikuwa ukiniuliza mimi. Umeingia chuo kikuu kusomea theolojia ukiwa na miaka arobaini na tatu, huu ni mwaka wako wa pili tu, na tayari wazee wananipita mlangoni kwangu. Nilikuonea wivu, mke wangu, na bado ninao.

~~Ningependa usirudi chuoni leo. Subiri muhula ujao.~~

Hilo nimelikata. Gari la Kisumu linaondoka Suna saa nne, usichelewe.

Kabla ya kukificha kitabu nilikifungua. Sikuweza kusoma hata neno moja. Ukija likizo unifundishe, lakini tufunge mlango kwanza.

Baba Trizah