Mume Wangu Aliniletea Msiba kwa Sauti ya Mimbarini

Mpendwa Mama Mwatumu,

Nakuomba unisaidie kabla Jumapili ya kwanza ya mwezi haijafika, maana siku hiyo kanisani kwetu mimbari ni ya kila mtu, anayetaka anapanda kutoa ushuhuda wake, na mimi nimeamua kupanda niwaambie watu wote kwamba sauti wanayoisikia kila wiki kutoka kwa mume wangu si yake, halafu nibebe mfuko wangu niende kwa dada yangu Diepsloot, na mpaka sasa sijaona wa kunizuia.

Mimi ni Mkongo wa Kalemie, nina saluni hapa Joubert Park, katikati ya jiji, nilianza na kiti kimoja cha plastiki kando ya barabara na leo nina viti vinne na wasichana wa kusuka, hakuna aliyenishika mkono, kwa hiyo si mwanamke wa kushtuka ovyo. Mume wangu Évariste ni fundi wa kutengeneza cherehani kule Marshalltown. Tunasali katika lile kanisa ambalo watu wanaliita la Wamormoni, ingawa tangu mwaka jana tumeambiwa tusiseme hivyo, tutaje jina lote refu, na mteja akiropoka "Mormoni" mbele ya mume wangu anasimamishwa na kutamkiwa jina zima hadi mwisho huku nywele zake ziko mkononi mwangu. Kwetu hakuna mchungaji wa mshahara, kiongozi anachukuliwa kutoka kwenye viti, leo ni fundi kesho ni kiongozi, na mwaka jana wakamwita yeye kuwa rais wa tawi letu la wasema Kiswahili. Rais! Wasichana wa saluni wakacheka, "Rais wa nchi gani, mama?" lakini mimi nilifurahi, nikamnunulia tai.

Ujue mume wangu alikuwa mtu wa sauti. Cherehani zote zinalia na bado unamsikia toka ng'ambo ya taa za barabarani, zile huku wanaziita robot. Akiingia nyumbani ananiita, "Léo! Chakula iko wapi? Njaa iko inaniua!" Mama yangu alipokuja kututembelea alimpa jina la Kelele, na walipendana hao, wakianza kuongea kwenye simu mimi natoka nje. Basi baada ya kuitwa akaenda kwenye mkutano wa viongozi, akaomba sala kama anavyoomba siku zote, nasikia wenzake wakacheka kidogo, mmoja akamwambia anasali kama muuza matikiti, akarudi hakula, lakini hiyo si hoja, hoja ni kwamba wiki hiyohiyo akaanza kuangalia kwenye simu hotuba za wazee wakubwa wa kanisa kule Amerika, zile zilizowekewa sauti ya Kiswahili juu yake, anarudia, anarudia, hadi akatokea na sauti nyingine.

Mama Mwatumu, ni sauti ya polepole, nyembamba, inatetemeka mwishoni kama ya mtu anayetaka kulia na halii. Na anasimama katikati ya maneno. "Ndugu na dada zangu... wapendwa... kwa unyenyekevu mkubwa..." Kanisani nikasema sawa, kazi ni kazi. Lakini akaileta mpaka mezani. "Dada Léocadie, ningependa kukualika... utafakari... kuhusu chumvi." Mimi! Mke wake! Binti yetu Chloé, aliyezaliwa hapahapa na Kiswahili anakisikia kuliko anavyokisema, ndiye aliyegundua. "Eish, Mama, Papa hamuigi yule mzee. Anamuiga mkalimani! Mkalimani anasimama sababu anangoja mzee amalize Kiingereza yake. Sasa Papa anangoja nani?" Tulicheka hadi tukashika mbavu, na tangu hapo Chloé anamuigiza saluni, wateja wanaomba wenyewe, mpaka siku moja mwenyewe alitukuta, akasimama mlangoni, akaondoka.

Sasa sikia kilichonitoa roho. Mwezi huu mama yangu alifariki Kalemie. Kaka yangu Cédric akampigia Évariste kwanza, kama desturi yetu, mwanamume ndiye apokee habari mbaya aipeleke ndani. Akaja saluni mchana, koti na tai, watu wamejaa, mimi nimeshika kichwa cha mteja, nusu kimesukwa. Akasimama mbele yangu.

"Dada Léocadie... mama yako... mpendwa..."

Akanyamaza. Nikamtazama. Nikaweka kitana chini. Bado amenyamaza. Mteja akageuza shingo.

"...amevuka... pazia."

Na mwishoni ule mtetemo, uleule wa Jumapili. Msichana wangu mmoja aliyekuwa nyuma anaosha kichwa cha mtu, Mungu amsamehe, akadhani ni mchezo wetu wa kila siku, akaangua kicheko.

Mama Mwatumu, nilisimama pale nikiangalia uso wa mume wangu na sikuweza kujua kama anasikitika au anahubiri. Nimezaa na mtu huyu na sikujua! Jumapili iliyofuata akamtaja marehemu mume wa dada mmoja wa tawi, "amevuka... pazia", na mimi ni mtu wa hesabu, nilihesabu kimoyomoyo, ule ukimya ulikuwa sawasawa na ule wa mama yangu. Tangu hapo sisemi naye. Niambie, nipande mimbarini au niende tu Diepsloot kimya? Jina langu liandike, sijali.

Léocadie, Joubert Park

BI MWATUMU ANAJIBU

Jina lako sikuliandika, mwanangu. Nimekupa jingine, wewe na wote uliowataja, maana mtu mwenye msiba husema hajali, kisha mwezi ukipita anajali sana.

Pole kwa kufiwa na mama. Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ulipoandika kwamba umelia, sikupaona. Umeandika chumvi, tai, viti vya saluni, kicheko. Machozi hamna. Basi kabla ya mimbari na kabla ya Diepsloot, funga saluni siku moja ulie. Wateja watasubiri.

Mimi ni Mwislamu wa Tanga, kanisa lenu si langu kulihukumu. Lakini sauti hiyo naijua, hata kwetu ipo. Kuna kijana alikuwa akiuza simu hapa mjini, akapewa kuongoza dua kwenye shughuli za watu, sasa hata akiagiza chipsi anavuta maneno. Mumeo amekosea, na amekosea vibaya. Habari ya kifo hailetwi mbele ya wateja, na mke haitwi "Dada" na mtu aliyemzalisha. Mpe hapa nilipoandika, asome mwenyewe. Évariste, nyumbani kwako hakuna mkalimani. Sema!

Sasa ni zamu yako. Kuna jambo umelipita mbio ukasema "hiyo si hoja". Mwanamume alisali kwa sauti yake, wenzake wakamcheka, akarudi hakula. Mwanangu, hiyo ndiyo hoja! Alichekwa kwa sauti aliyozaliwa nayo, akaenda kuazima ya mtu mwingine. Akaja kwako nayo, na wewe na mtoto mkamcheka tena, tena mbele ya wateja, na akawakuta. Ulitaka aseme kwa sauti ipi? Yule msichana aliyecheka siku ya msiba, ni nani aliyemzoesha kwamba baba wa nyumba ni kichekesho? Usimsukumie Mungu kumsamehe, mchezo uliuanzisha wewe.

Unasema hukujua kama anasikitika. Mimi sikuwepo, lakini fikiri. Aliyekufa ndiye aliyempa jina la Kelele, na yeye akatumwa kukuletea habari hiyo. Huenda safari hii alikuwa hangoji mkalimani. Huenda alishindwa tu kusema, na sauti ya kuazima ndiyo pekee iliyotoka.

Kwa hiyo fanya hivi. Chloé aache maigizo leo, si kesho, na wasichana wa saluni waambiwe. Diepsloot nenda kumsalimia dada yako, mmlilie mama yenu pamoja, urudi kwako.

Na Jumapili panda. Ndiyo, panda! Ila usimtaje mumeo hata kwa jicho. Simulia habari za mama yako kwa Kiswahili chenu cha Kalemie, kwa sauti yako ya saluni, na kilio kikija kiache kije. Yeye atakuwa amekaa kule mbele kwenye kiti chake cha rais, nyuma yako, atasikia kwamba mtu anaweza kusema hivyo mahali pale na paa lisianguke. Asipoelewa siku hiyo, usimfokee. Mpe muda.

Ukishuka, usiongeze neno. Tangulia nyumbani, pika, mwache aingie na tai yake. Halafu uite kutoka jikoni, kwa Kiswahili chenu hichohicho, kwa nguvu, majirani wasikie: "Kelele! Kuya kula!"