Nusu ya Kinywa

Jumapili, 12 Januari 1986

Leo tena damu. Nimesukutua kabla ya alfajiri, kabla Mama hajaamka, na nimemwaga ndoo nzima ili sakafu ya msalani isibaki nyekundu.

Sijamwambia mtu yeyote neno hili, nalisema hapa mara moja tu. Fizi zangu zinaoza na kinywa changu kinanuka. Najua tangu kidato cha tatu. Ndiyo maana sicheki. Ndiyo maana nikisemeshwa huvuta ukingo wa buibui hadi puani na kujibu kwa kichwa. Mtaa mzima wa Shela unaniona nina haya. Mama husifiwa arusini kwa ajili yangu. "Mwanaisha wako ni mwari wa kale," wanawake humwambia, naye huvimba kwa furaha. Mimi hapo huona aibu mara mbili.

Shule nimemaliza. Nangoja matokeo. Nataka kuwa mwalimu. Mwalimu asiyefumbua kinywa ni kinyago.

Nyanya, mama yake Baba, hana jino hata moja. Anasema katika ukoo wetu meno hayakai. Akisema hivyo hunyooshea kidole mdomo wake mtupu, kama mtu anayeonyesha shamba atakalonirithisha. Naogopa.

Jumatatu, 13 Januari

Nimempeleka Nyanya hospitali kupimwa presha, kama kila Jumatatu. Foleni ndefu. Nyanya hupenda foleni, maana foleni haiwezi kumkimbia akizungumza. Nimemwambia naenda kunywa maji. Nimekwenda chumba cha meno.

Nilisimama mlangoni na buibui langu mpaka nadhani daktari alinifikiri pazia. Ni mtu wa bara, mrefu, mikono mikubwa, sauti ya upole. Hutoka Mombasa siku ya Jumatatu tu.

"Fungua mdomo. Kubwa. Kubwa zaidi. Usiogope, mimi sili watu."

Ni mtu wa kwanza kuona ndani. Hakurudi nyuma. Nilitaka kulia kwa hilo tu.

Amesema si laana wala si ukoo. Ni ukoga. Umeganda kama jiwe, umeteremka chini ya ufizi, na ufizi umeuchukia ukaanza kujitenga na jino. Mswaki haufiki huko. Itabidi aukwangue mpaka kwenye mizizi, kwa sindano ya ganzi. Jumatatu ijayo upande wa kulia, Jumatatu itakayofuata upande wa kushoto. Baada ya hapo anahamishwa, na hajui nani atakuja badala yake. Nikamwonyesha kwa kidole jino linalocheza. Akanielewa. Amesema nikiyatunza yatashika tena.

Nyanya ameniuliza ni maji gani hayo ya kuchimba kwanza kisima.

Alhamisi, 16 Januari

Balaa. Bi Zuhura amekuja ghafla kuomba maji. Hakuna mwanamke anayevuka mitaa mitatu kuomba maji. Amenitazama nikimletea bilauri, ameuliza hili na lile, amenichekesha makusudi. Sikucheka. Sikufumbua. Ametoka akisema "Mashaallah, mashaallah" mpaka barazani.

Mwanawe ni Bwana Hafidhi mwenye duka la halwa. Mtu mzima, masharubu yamepunguzwa vizuri, hana neno baya kwa mtu. Sina ugomvi naye. Simtaki tu.

Jioni imefika sahani ya halwa.

Jumamosi, 18 Januari

Halwa tena. Iliki na zafarani. Mimi nikiionja, fizi zinapiga kelele. Nyanya anaimaliza peke yake, maana halwa haihitaji meno. Amekwisha hamia upande wa Bwana Hafidhi. "Waume wengine wanafaa ujanani tu, mjukuu wangu. Huyu atakufaa hata uzeeni."

Baba amesema hataniozesha bila kuniuliza. Atamtuma nduguye, Ami Shee, aje aniulize rasmi. Vizuri. Nitasema sitaki. Nimejizoeza mbele ya kioo, mdomo umefungwa.

Jumatatu, 20 Januari

Asubuhi, upande wa kulia. Sindano juu, sindano chini. Kisha nusu ya uso wangu ikahama. Shavu halikuwa langu. Alikwangua kwa kichuma chenye ncha iliyopinda kama ndoana, na sauti ilikuwa ile ile ya Mama akikwangua ukoko wa pilau kwenye sufuria. Maumivu hapana. Sauti tu, ndani ya fuvu. Vikatoka vipande vyeusi, akaniwekea kwenye kisahani nivione. Sijapata kuona kitu kibaya kikanifurahisha namna ile. Akanipa pamba niume. "Usiongee mpaka ganzi iishe, utajiuma ulimi."

Mimi na Nyanya tumefika nyumbani, Ami Shee huyo ukumbini, na mashahidi wawili. Hakuna aliyeniambia ni leo.

Ami Shee ni mtu wa kitabu. Alikohoa, akamsalia Mtume, akataja jina la mposaji na la baba yake, akauliza kama naridhia. Kinywani mwangu mna pamba iliyolowa damu, na nusu ya ulimi ni nyama ya mtu mwingine. Nikifumbua, pamba itaanguka mkekani mbele ya mashahidi. Nikatikisa kichwa kukataa. Lakini nimejifunika gubigubi, buibui zima likatikisika, wakaona natetemeka kwa haya. Akauliza mara ya pili. Akauliza mara ya tatu. Chozi likanitoka.

"Alhamdulillahi," akasema Ami Shee. "Kimya cha mwari ni ridhaa."

Mama akapiga vigelegele. Nyanya akauliza kama halwa ya leo imefika.

Nimeposwa kwa sababu ya pamba.

Jumanne, 21 Januari

Ganzi imeondoka. Meno ya kulia, nikipitisha ulimi, ni laini kama vikombe. Ya kushoto ni miamba ya pwani maji yakitoka. Nina vinywa viwili.

Wamekwisha panga. Bi Zuhura na watu wake wataleta kishika uchumba alasiri ya Jumatatu ijayo. Wamechagua siku hiyo kwa baraka, ndiyo aliyozaliwa Mtume. Jumatatu!

Ijumaa, 24 Januari

Nimejaribu kumwambia Mama. Nilifika "Mama, mimi," akanikumbatia akasema anajua, naye aliogopa hivyo hivyo. Nimejaribu kumwambia Baba. Alikuwa anatawadha. Akaswali. Alipomaliza akaniona nimesimama, akainua mikono akaniombea ndoa njema. Nikaitikia amina.

Amina! Mimi ni mjinga.

Na nikisema kweli, kwamba ilikuwa pamba, wataniuliza pamba ya nini. Habari itafika Mambrui kabla ya magharibi. Binti anayeoza kinywa. Nani ataniweka mbele ya watoto darasani?

Jumapili, 26 Januari

Kesho asubuhi, upande wa kushoto. Kesho alasiri, wageni.

Nikichomwa ganzi sitaweza kusema, na Baba akishapokea vitu vyao nitahesabiwa mke wa mtu. Nisipokwenda, daktari ameondoka, na nusu chafu itaiharibu nusu safi. Nimelia kidogo nikichambua dagaa. Kisha nimepata wazo.

Ni wazo baya sana.

Jumatatu, 27 Januari

Nilimwambia daktari anikwangue bila ganzi. Kwa sauti. Ndiyo sentensi yangu ya kwanza kwake, akageuka kutazama nani amesema.

"Msichana, hii itauma."

Nikamwambia leo alasiri nauhitaji ulimi wangu wote. Akanitazama. Akanipa taulo dogo nilishike.

Sitaki kuandika yote. Nilikiona cha mtema kuni. Nilikuwa nimeapa kutopiga ukelele. Alipofika gego la mwisho la chini, nikapiga. Mlango ukafunguka kwa kishindo. Nyanya, kutoka foleni ya presha, na mkongojo wake juu.

"Mtoto wa watu unamchinja bila hata bismillahi!"

Daktari akainua mikono, kichuma hewani. Nyanya akakitazama kinywa changu, kikiwa wazi, chekundu, chote. Akatazama kisahani cha vipande vyeusi. Akakaa kwenye kigoda cha daktari. Nikamweleza kila kitu: fizi, pamba, Ami Shee, ualimu. Sijasema maneno mengi hivyo tangu nizaliwe. Nyanya akaegemeza kidevu kwenye mkongojo akasikiliza mpaka mwisho.

Daktari akamalizia akiwa amepiga magoti, maana kigoda kilikuwa na mtu.

Njiani Nyanya akasimama penye kivuli. "Mimi waliponiuliza kama naridhia, nilikuwa natafuna tambuu. Imejaa tele, mate mekundu hadi midomoni. Nikasema moyoni, niteme kwanza, ndipo nijibu. Nilipotema, wamekwisha soma fatiha."

Nikamwuliza kama alimchukia Babu.

"Babu yako alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu. Lakini ningependa kutema kwanza."

Alasiri ukumbi ukajaa. Bi Zuhura na wanawake wake. Udi unafuka. Sinia ya halwa kubwa kama kifuniko cha pipa. Baba na Ami Shee upande wa pili wa pazia, na wanaume wenzao. Ami akaanza kumsalia Mtume. Nikaliteremsha buibui kutoka usoni.

"Ami, shikamoo. Sitaki."

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Hata kuku uani walinyamaza.

Ami akasema nilikwisha ridhia. Nikasema sikuridhia, nilishindwa kusema. Sitaki. Bwana Hafidhi hana kosa, mimi nataka kusomea ualimu. Sitaki. Nilisema mara tatu kwa kuwa naye aliuliza mara tatu. Kila nikisema, wanawake walisogea nyuma kidogo. Nilikuwa nimesahau. Kwa kelele zile fizi za kushoto zilifunguka upya, na meno yangu yote yalikuwa mekundu.

Bi Zuhura akauliza polepole, "Ana nini kinywani huyu?"

Basi, nikasema moyoni, sasa wamejua. Nyanya akaniwahi.

"Tambuu! Mtoto huyu ananiibia tambuu yangu, hana adabu hata kidogo. Na Jumatatu ile alikuwa nayo tele, ndiyo maana hakujibu. Haya, Shee mwanangu, wewe ndiwe msomi. Kimya cha mwenye tambuu ni ridhaa?"

Nyuma ya pazia Ami akakohoa, akakohoa tena. Nadhani alikuwa akipekua kichwani kila kitabu alichopata kusoma. Mwisho akasema, kwa shida, kwamba kimya ni ridhaa kwa anayeweza kusema.

Bi Zuhura akainuka. Amesema mwanawe hakuagiza bibi kizee. Akaivuta sinia yake aifunike. Ukingoni mwa halwa palikuwa na shimo, na Nyanya alikuwa anapangusa vidole.

Jumanne, 28 Januari

Mama hanisemeshi. Baba amemwomba Nyanya, kwa heshima zote, akubali kinu chake kidogo cha kupondea tambuu kifungiwe kabatini, nisiharibike zaidi. Nyanya amekubali. Amebaki bila tambuu na bila halwa kwa ajili yangu.

Kushoto kunauma sana. Maji ya chumvi.

Jumapili, 9 Februari

Nimepiga mswaki polepole, kutoka ufizini kuja nje, kama daktari alivyonionyesha. Nimetema. Maji meupe. Nimetema tena kuhakikisha.

Mama ameanza kunisemesha, mambo ya chumvi na vitunguu tu. Jana alinitazama nikijibu, akasema kumbe nina meno mazuri. Bwana Hafidhi alipita mlangoni na kisahani kidogo. "Cha Nyanya," alisema, akaenda zake. Nyanya amelia kabla ya kula, na baada ya kula. Mwalimu wa chuo cha Kurani cha mtaani ameniomba niwasomeshe watoto wadogo alifu kwa ujiti. Amesikia nina sauti.

Mchana tulikuwa uani tukichambua mchele. Nyanya akaniambia nicheke. Nikaona haya, haya ya kweli safari hii, lakini nikacheka. Akasogea karibu akatazama kwa makini, jua likiingia. Hakutaja ukoo. Alicheka naye, mdomo wake mtupu wote wazi, akaendelea na mchele.

Mtaani wanasema haya imenitoka. Haikuwa haya. Ulikuwa ukoga. Wewe usomaye, ukiwa umefika hapa, umefika bila ruhusa yangu, na sitakuuliza jina lako. Lifunike daftari hili, ulirudishe ulipolitoa. Na mtu akikuuliza habari ya meno yangu mekundu siku ile, tafadhali, sema ilikuwa tambuu.