Mwenye Mbwa Ndiye Amshikaye Kichwa

Kisaka,
Wilaya ya Serengeti, Mara.
17 Septemba 2024

Mpendwa kaka Mwikwabe,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Morogoro, pamoja na wifi Eunice na watoto. Kile kikohozi cha wifi kimepona? Mwambie asiache kunywa vitu vya moto, na asikubali kufua nguo zenu zote peke yake.

Sisi huku tu wazima. Mama anakula vizuri na anagomba vizuri zaidi. Macho yake ndiyo hayo, sasa anaona mwanga tu. Mvua bado, ng'ombe wamekonda, lakini mihogo ipo na hatujalala njaa.

Usishangae kuona karatasi badala ya simu. Simu unaikata, kaka. Ukisikia sauti yangu imepanda unasema "mtandao, mtandao," halafu kimya. Binamu yetu Elkana anasafiri kesho na lori la mahindi, na nimemwambia akukabidhi hii mkononi na asiondoke mpaka umeisoma yote.

Nakuandikia habari ya mbwa wangu, Kemambo. Ulisema auawe. Nimekataa, na bado nakataa.

Baba mdogo Thadeo alikupa nusu ya habari, acha nikupe iliyobaki. Mwezi uliopita alikuja mbwa kutoka upande wa porini, hakuna aliyemjua, mate yanamtoka, anayumba. Akamuuma mguuni Irine, binti wa jirani yetu Bernadetha. Wanaume wakamuua yule mbwa. Mimi nilimshika mtoto nikamwosha kidonda kwa sabuni na maji mengi, huku watu wananipigia kelele nimfunge majani. Siku hiyo hiyo tukampandisha pikipiki hadi hospitali akaanza sindano. Hajakosa hata moja. Leo asubuhi nimemwona anaruka kamba, nikamshukuru Mungu.

Wazee wakaketi. Thadeo akasema samaki mmoja akioza wote wameoza, basi mbwa wote wa kitongoji wauawe. Unajua desturi yetu: mbwa ni wa mwenye mji, mkuu wa boma, kama ng'ombe, na hauawi bila neno lake. Kila mji akaulizwa mwenyewe. Kwetu tangu baba afariki mwenye mji ni wewe. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale mbele yao, hakuna aliyenigeukia. Wakakupigia wewe, wakaweka spika, na wote tukakusikia: "Ni mbwa tu, ueni." Halafu ukauliza kama mvua imenyesha.

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Kwetu sisi naona asiyekuwepo ndiye mwenye kila kitu! Nilikasirika, kaka, na sikuombi radhi kwa hilo.

Huyo "mbwa tu" humjui, kwa hiyo nikujulishe. Shangazi alinipa huko Kemambo, Tarime, akiwa anatosha ndani ya kapu, nami nikampelekea kuku jike kama inavyotakiwa, maana mbwa hatolewi bure. Ndiyo maana nikamwita Kemambo. Fisi waliomaliza mbuzi wa jirani zetu mwaka jana walifika hata kwenye zizi letu, na wakarudi walikotoka. Lakini hayo hata mbwa mwingine angeyafanya. Kemambo anampeleka mama mtoni. Hakuna aliyemfundisha. Anatangulia hatua chache, mama anamfuata kwa fimbo na masikio, na penye shimo anasimama kabisa mpaka mama amguse mgongo. Mama anaoga, anapiga soga na wenzake, wanarudi. Kabla ya hapo alikuwa anakaa uani kutwa nzima akingoja mtu wa kumshika mkono, na mtu huyo mara nyingi nilikuwa mimi, niko shambani.

Nami sijamfuga kwa kumwachia makombo na kumwambia ajitafutie. Ninampikia ugali wake na dagaa. Ana maji kwenye beseni lake. Usiku yuko zizini, hazururi. Na amechanjwa.

Hapo sasa ndipo penye aibu yetu. Mwezi wa sita walikuja watu wa chanjo ya kichaa cha mbwa, bure kabisa, kwenye uwanja wa shule. Baba mdogo Thadeo akapita nyumba kwa nyumba akisema hao wametumwa na hifadhi kuhesabu mbwa, ili askari wajue nani anawinda. Huku kwetu mwenye mbwa wengi hutazamwa kama mwindaji, kwa hiyo watu wakaamini. Wengi wakawaficha mbwa wao. Thadeo mwenyewe aliwafungia wake kwenye ghala la mahindi, wakabweka mpaka uwanjani wakasikika. Nilicheka siku ile. Sasa sicheki, maana huyo huyo ndiye anayetaka wangu afe pamoja na wake.

Mimi nilimpeleka Kemambo kwa kamba. Yule kijana wa sindano akauliza, "Mwenye mbwa ni nani? Amshike kichwa." Nikasema ni mimi. Nikakishika, nikamziba macho kwa kanga, akatetemeka akanikojolea miguuni, tukarudi nyumbani. Siku ile hakuna aliyepiga simu Morogoro kuuliza mwenye mbwa ni nani.

Jumamosi iliyopita wanaume walikuja na marungu. Mimi nilisimama langoni, lakini aliyewashinda ni mama. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, Kemambo amelala miguuni pake. Akasema, "Mura, wanaume ninyi, macho yangu ni haya hapa chini. Mkiyachukua, nani kati yenu atanipeleka mtoni kesho? Ajitaje jina, nimjue." Thadeo akasema, "Mke wa kaka, hii ni amri ya wazee, na mwenye mji amekubali." Ndipo Bernadetha akatokea, Irine amemshika sketi, akawaambia, "Aliyemuuma mwanangu ni mbwa asiye na mwenyewe. Huyu mwenyewe ni huyu hapa amesimama. Mnataka kuwaua wenye chanjo ili wale wa porini wapate nafasi?" Wakasema watakupigia tena Jumapili hii baada ya ibada, na neno lako ndilo la mwisho.

Mimi sijakaa kungoja. Afisa mifugo wa kata amekubali kuja tena na dawa kwa wale waliofichwa. Mimi na Bernadetha tunapita kila mji tukiwaambia watu wawatoe mbwa wao, hakuna anayehesabu wawindaji. Baadhi wametufukuza. Mmoja alitufungulia mbwa! Tutarudi hata kwake.

Sasa kaka, sikiliza. Nakuheshimu. Ulinisomesha, sijasahau. Na wewe si mgeni wa mbwa: mama anasema ulipokuwa mdogo ulikuwa unammiminia mbwa wa baba maziwa yako, halafu unalia kwamba umenyimwa. Jumapili simu ikiita, usiseme mtandao. Ukitaka kusema mbwa ni wako, sema, nitanyamaza. Lakini panda basi uje. Umpikie ugali wake, ukae zizini fisi wakija, umtangulie mama mtoni kila siku, na chanjo ya mwaka ujao ukishike kichwa chake wewe, akukojolee wewe. Kama huwezi, basi tamka kwenye spika ile ile, mbele ya wazee wale wale: mbwa ni wa Wegesa. Ni maneno manne tu. Usipoyasema, waje na marungu yao, watanikuta langoni kama walivyoniacha.

Msalimie sana wifi Eunice. Watoto waambie shangazi yao anawakumbuka, na wakija likizo kuna mbwa wa kuwapeleka mtoni. Bernadetha na Irine wanakusalimu. Mungu akulinde ugenini, akupe afya, na akupe ulimi mwepesi siku ya Jumapili.

Nilitaka kukuandikia salamu za mama kwa maneno yake mwenyewe, lakini nikiinua kichwa naona kigoda kiko kitupu. Ameshatoka. Nawaona kule chini njiani, Kemambo amesimama penye shimo, anamngoja.

Mimi mdogo wako, nikupendaye hata ninapokubishia,
Wegesa