Kibodi Uliyonitafutia Muyinga

Gitega, Jumapili mchana

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeketi, maana najua goti lako linavyokusumbua ukisimama muda mrefu. Linaendeleaje? Na mama, kile kikohozi kimeisha? Mahindi ya upande wa bondeni mmeshayapalilia, au mnangoja mvua ipungue? Mimi ni mzima. Shangazi Konsolata naye ni mzima, ila analalamika kwamba mkaa wa siku hizi ni moshi mtupu.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu unanijua. Kwenye simu nasema "ndiyo, baba" mpaka salio linaisha, na jambo lenyewe halijatoka. Mchungaji anakuja huko Butihinda kesho na amekubali kuibeba barua hii mfukoni.

Nilipoomba ruhusa ya kutengeneza kompyuta hapa nyumbani kwa shangazi, uliniwekea masharti mawili. Nisishuke darasani. Na siku mtu atakapokuja kulalamika mlangoni kwa dada yako, nifunge kazi siku hiyohiyo. Darasani sijashuka, nilikuwa wa sita na sasa ni wa nne. Lakini mtu amekuja kulalamika. Alikuja Alhamisi. Nataka ulisikie kutoka kwangu, tena lote.

Kwanza nikueleze kazi ilivyo, kwa sababu uliiruhusu bila kuiona. Meza yangu ni ile ya shangazi ya kupigia pasi, kwenye kona ya sebule karibu na dirisha. Nina bisibisi nne ndogo, mswaki mgumu, kitambaa, na kitabu cha Kifaransa cha matengenezo ya kompyuta alichoniazima mwalimu wa fizikia. Mwanzoni ukurasa mmoja ulinimalizia Jumamosi nzima, kamusi pembeni. Sasa Kifaransa cha kompyuta nakielewa kuliko Kifaransa cha darasani. Kompyuta ya kwanza ilikuwa ya mwalimu huyohuyo. Ilikuwa inajizima ikipata joto. Nilipoifungua nikakuta feni imevaa vumbi jekundu kama sweta. Nikaipiga mswaki, ikapona. Akawaambia walimu wenzake, shangazi akawaambia wanakwaya, basi kazi ikaanza.

Wengine wakifika wanamtafuta fundi mwanamume. Shangazi anawaambia, "Fundi ni huyu. Amesoma kitabu." Mimi naitikia tu kwa kichwa. Ili nisizungumze sana, nilijizoesha kubandika karatasi juu ya kila kompyuta: jina la mwenyewe, ugonjwa wake, nilichofanya. Mteja akija nampa kompyuta na karatasi yake, anasoma, anaondoka. Niliona ni utaratibu mzuri. Ndio ulioniponza.

Mzee Sadiki ni fundi wa kanzu, anakaa nyuma ya msikiti, si mbali na hapa. Ana mashine ya kutarizi inayofuata michoro iliyomo kwenye kompyuta. Anachagua mchoro wa shingo, anauhamisha kwa flashi, mashine inashona. Mjukuu wake alimwaga chai juu ya kibodi, vitufe vikafa. Ndiyo ile kompyuta niliyokutumia namba ya kibodi yake, ukaenda Muyinga mjini kwa yule muuza kompyuta mbovu ukanitafutia nyingine. Naomba usome hapa taratibu, baba: namba ilikuwa ileile niliyokupa. Hukukosea.

Kibodi hiyo niliifunga Jumanne. Kompyuta ilipowaka ikaomba neno la siri. Hapo ningemwita mwenyewe aje aliandike. Lakini mzee wa umri ule, mwenye ndevu nyeupe tupu, nimwambie "njoo uandike siri yako mbele yangu"? Niliona ni kukosa adabu. Kwa hiyo nikabonyeza vitufe vyote, kimoja kimoja. Neno la siri halionekani, kila herufi inatokea kama nukta. Kila kitufe kilileta nukta yake. Nikaridhika. Nikaandika kwenye karatasi, "Kibodi mpya, vitufe vyote vinafanya kazi," na Jumatano asubuhi nikampelekea binti yake, Mwajuma, nikakimbilia shule.

Alhamisi nilikuwa uani na shangazi tunachambua maharage. Mzee Sadiki akaingia na kompyuta kwapani, Mwajuma nyuma yake. Zilikuwa zimebaki siku tano kufika Idi. Hakupaza sauti. Angepaza ingekuwa nafuu.

"Konsolata," alisema, mimi hata hakunitazama, "mi sikuje kugombana. Lakini mashini iko inanikataa. Naandika neno yangu, ile ya miaka yote, inasema si yenyewe. Makanzu ya watu iko pale haina shingo."

"Huyu mtoto amebadilisha neno, ili turudi kwake kila siku," akasema Mwajuma. "Hawa wa Tanzania wanakujaka na ujanja yao."

"Chunga mdomo, Mwajuma," shangazi akasema. "Huyu ni mtoto ya kaka yangu."

"Sijamutukana. Nauliza tu nani aliigusa kama si yeye."

Wote watatu wakanigeukia. Baba, nitakwambia ukweli: mkono wangu ulikwenda mfukoni kutafuta kalamu. Nilitaka kuwaandikia jibu. Kalamu haikuwepo, na mikono yenyewe ilikuwa na vumbi la maharage.

Nikasema, "Mzee, naomba uliandike tena hapa. Mimi nitageuka."

Tukaingia sebuleni. Niligeukia ukutani, kwenye kalenda ya kanisa, nikawa nasikiliza vidole vyake. Tak. Kimya. Tak. Kimya. Ikakataa. Akarudia, ikakataa. Ndipo nikajiuliza: mtu aliyeandika neno moja kwa miaka yote, anatafuta nini? Nikageuka. Sikutazama mikono yake, nilitazama kibodi. Herufi ya kwanza juu kushoto ilikuwa Q.

Unalikumbuka lile darasa la kompyuta kule kambini Tanzania, kabla hatujarudi Burundi, ulilokuwa unanipeleka kwa baiskeli kila Jumamosi? Vidole vyangu vilijifunzia kule, na kibodi za kule zinaanza na Q. Za huku ni za Kifaransa, zinaanza na A. Q iko chini yake, Z na W zimebadilishana, na M imehamia mwisho wa mstari wa katikati. Kibodi uliyoipata Muyinga ilikuwa imevuka mpaka, kwa hiyo herufi zake zimeandikwa kwa mpangilio wa Tanzania. Kompyuta yenyewe, ndani, bado inaamini ina kibodi ya Kifaransa. Mzee akibonyeza palipoandikwa A, yenyewe inapokea Q. Na nukta zote zinafanana, hakuna anayejua. Mtu aliyesomea hapa Gitega angeshtuka mara tu alipoiona kibodi ile. Mimi niliiona herufi ile mahali nilipoizoea toka utoto, nikaona kila kitu kiko sawa.

"Mzee," nikauliza, "neno lako lina A?"

Akanitazama kwa mara ya kwanza. "We unataka nini na neno yangu?"

"Silitaki. Nataka kujua tu kama lina A."

"Jina gani ya mtu haina A?"

Mwajuma akaangua kicheko. "Kumbe ni jina ya mtu. Ya nani, baba?"

"Nyamaza, we."

Nikamwambia, palipo na A abonyeze Q, na kama kuna M, abonyeze kile kitufe kilicho kulia kwa L. Akaguna. "Nibonyeze ya uongo ndiyo ipate ya kweli?" Nikamwambia ndiyo, nikarudi kwenye kalenda yangu. Tak. Kimya. Tak. Kisha ikalia ule muziki wake mfupi wa kufunguka. Michoro yote ilikuwepo. Mzee aliifungua mmoja mmoja mpaka wa mwisho, na mimi nilisimama pale bila kuketi mpaka alipomaliza.

Baadaye nilikata plasta ya vidonda vipande vidogo, nikaandika herufi za Kifaransa kwa wino, nikazibandika juu ya vile vitufe vilivyotofautiana. Haipendezi lakini inasomeka. Shangazi alileta chai. Mzee aliipokea, akaiweka chini sakafuni, mbali kabisa na kompyuta.

"Mbona hukuniita niandike mbele yako tangu mwanzo?" akaniuliza.

"Niliogopa kukukosea heshima."

"Ndiyo unaniheshimu mpaka watu waende Idi bila kanzu?"

Mwajuma hakuniomba radhi, ila alipokuwa anatoka alinisaidia kuokota maharage niliyokuwa nimeyamwaga niliposimama kwa haraka.

Sasa baba, hapa ndipo nakuhitaji. Walipoondoka nilimwambia shangazi kwamba nafunga kazi, kwa sababu ya neno lako. Akasema, "Si amekunywa chai? Huyo hakulalamika, aliuliza tu." Hata Mzee Sadiki, aliposikia, alituma ujumbe kwamba nikuandikie alikuja kusalimia. Lakini mimi nilikuwepo, baba. Yalikuwa malalamiko, na yalikuwa ya haki. Kosa halikuwa kwenye kibodi, lilikuwa kwenye karatasi zangu. Nilijificha nyuma ya karatasi, nikaiita heshima.

Kwa hiyo tangu Alhamisi sijashika bisibisi. Mezani zimebaki kompyuta mbili, nimezifunika kwa kitenge. Moja ni ya karani wa shule yetu, nyingine ni ya muuguzi mmoja wa Ryansoro. Muuguzi alikuja jana kuulizia yake. Nilitoka mwenyewe mlangoni nikamweleza kwa mdomo kwamba nasubiri ruhusa ya baba yangu. Alicheka kidogo, halafu akasema atangoja mpaka Jumamosi, baada ya hapo ataipeleka kwingine. Sikumlaumu.

Sikuombi ubadilishe masharti yako. Naomba tu ujue nitakachokifanya kwa kila jibu. Ukisema niendelee, hakuna kompyuta itakayotoka hapa kabla mwenyewe hajakaa kwenye kiti changu akaiandikia neno lake, awe mzee au mtoto, nami nitamwomba hivyo kwa sauti. Ukisema nifunge, nitazibeba zote mbili mwenyewe mpaka kwa wenyewe, nitawaeleza kwa nini, na sitabandika karatasi. Mchungaji anarudi Gitega Alhamisi. Jibu lako likiwa neno moja tu, linatosha.

Mama umwambie sweta aliyonifumia inanitosha bado, nimeongeza urefu wa mikono tu. Mdogo wangu Amosi asivichezee vile vitabu vyangu vya kambini, vilivyo juu ya kabati. Bibi jirani, aliyetugawia mbegu za maharage mwaka tuliorudi, msalimie sana, mwambie nimechambua mengine juzijuzi nikamkumbuka. Na ukipita tena Muyinga mjini, yule muuza kompyuta mbovu mwambie kabla ya kuuza kibodi amuulize mnunuzi inatakiwa kuanza na herufi gani. Mwambie hata kama jibu lako kwangu litakuwa hapana, maana itamsaidia mwingine.

Goti ulikande kwa maji ya moto, usisubiri mpaka livimbe.

Mwanao ambaye safari hii amesema yote,

Odeta